Geji ya Mtungi wa Baba

Jumatatu, 14 Julai
Nimesoma geji ya mtungi wa oksijeni kabla ya kwenda kazini Westlands. Baa 142. Jana mchana ilikuwa 150. Mtungi huu ni wa akiba, wa kutumia stima ikipotea na mashine ya Baba ya oksijeni ikizima. Stima haijapotea. Nani ameufungua?

Jioni. Nimemuuliza Mueni, mke wa kaka yangu, ndiye hushinda na Baba. Sikuuliza, nilimshtaki. Aliweka mwiko chini. "Nafula, mimi nimwibie mzee pumzi?" Amefunga nguo, ameenda kwa dadake Riruta. Kaka haongei na mimi.

Jumanne, 15 Julai
Nimeomba ruhusa kazini. Asubuhi, 142. Nimepaka povu la sabuni kwenye valvu. Hakuna kiputo, gesi haivuji.
Saa saba jua limewaka verandani, mtungi ulipo. 150! Nani amerudisha? Tuko mimi na Baba tu, na Baba hawezi kufika mlangoni. Naona kama nachanganyikiwa. Baba amekataa uji wangu.

Jumatano, 16 Julai
Nimekumbuka kemia ya shule: gesi ikipoa, kanieneo, ule msukumo wake ambao geji hupima kwa baa, hushuka. Mchana nyuzi 25, alfajiri 10. Nimepiga hesabu: 150 mara 10, gawa kwa 25. Sitini. Mbona basi geji haisemi sitini? Nimerudia mpaka kichwa kikauma.
Nimempigia binamu yangu, mwalimu. Amecheka. "Joto la gesi huhesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Ongeza 273 kwanza kwa kila joto, halafu ndio ugawe." 150 mara 283, gawa kwa 298. Jibu 142.
Hakuna aliyeiba kitu. Gesi ni ileile, baridi tu ndiyo imeilegeza.
Nimempigia Mueni. Hajashika.

Alhamisi, 17 Julai
Stima imepotea asubuhi. Nimemhamishia Baba mrija kwenye mtungi. Lita kumi za mtungi mara 142: lita 1,420. Anatumia mbili kwa dakika. Dakika 710, yaani muda wa karibu saa kumi na mbili. Au nimekosea tena? Jana nilikuwa na hakika na sitini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, sikujua kama ni ugonjwa au ni kivuli cha pazia.
Nimemtumia Mueni ujumbe: nilikukosea, stima hakuna, naogopa.
Alifika kabla ya adhuhuri. Hakunisalimu. Alimwinua Baba kwenye mito, akampa maji kwa kijiko. Midomo ikarudia rangi yake. Kwa hiyo alikuwa amelala vibaya tu? Mimi nilikuwa nimekodolea geji macho.
Stima imerudi alasiri. Gesi ilikuwa haijaisha.

Jumamosi, 19 Julai
Nilimwomba Mueni msamaha mbele ya kaka. Alisema, "Sawa." Sijui ni sawa ya namna gani. Sikuuliza.
Tumekaa jikoni tukichambua mboga za sukuma, yeye upande wake, mimi wangu. Baba ameita kutoka chumbani. Ameita jina la Mueni, si langu. Nimesogeza kiti changu ili apite.