Yowe Ndani ya Miwani

Turwa, Tarime
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Shikamoo. Naanza na kifua chako kabla ya habari zangu. Je, baridi ya Makete imekiachia, au bado unakohoa alfajiri na kusingizia moshi wa kuni? Na baba, anautumia ule mkongojo au ameufanya wa kufukuzia kuku? Mimi siumwi. Nimechoka tu, ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Umeniambia watu wa huko wanakucheka, eti mwanao amemaliza shule akaenda hadi Mara kucheza gemu. Usigombane nao, mama. Nusu yake ni kweli.

Tangu dhahabu ipande bei, watu wanamiminika huku kutoka kila upande. Kampuni iliyoniajiri inawafundisha wanaotaka kazi za mgodini kabla hawajashushwa chini. Hatuwashushi sisi. Tunacho chumba cha kupanga hapa Turwa, kompyuta, na miwani mikubwa inayofunika macho yote. Vitabuni wanaiita uhalisia pepe, hapa tunasema miwani tu. Ukiivaa unajiona uko ndani ya handaki. Moto unawaka, moshi unakuja, na wewe umeshika vishikio viwili vya kukuongoza. Unatakiwa ufuate kamba ya ukutani hadi kwenye chumba cha usalama, ubonyeze kitufe chekundu cha kuwaita waokoaji. Basi, umefaulu. Atakayeshindwa mara tatu, jina lake linaondolewa.

Kazi yangu ni kuwavalisha, kuwaelekeza, kuwashika wanaoyumba na kupiga deki pale wanapotapika, maana miwani inazungusha kichwa. Naandika shajara yangu kila jioni kama baba alivyonizoesha, lakini mwezi huu tarehe ndizo zinazobadilika tu. Maneno ni yale yale: moto, moshi, umeme umekatika, moto tena.

Jumamosi msimamizi wetu, kaka mmoja wa Mwanza, huwaruhusu watu waingie wacheze gemu za kawaida ili waizoee miwani. Kuna ya mpira, kuna ya magari, na kuna ya wanyama. Mama Bhoke anayeuza chai mlangoni petu alivalishwa ile ya wanyama. Simba akamjia, akaivua palepale.

"Hii ndiyo starehe?" akasema. "Simba wa upande wa Mugumu walimlia baba yangu mbuzi wanne, na hatukuvaa kitu chochote usoni!"

Hapo nilicheka, mama. Ndiyo siku pekee niliyocheka mwezi huu.

Sasa nikueleze jambo linaloniweka macho. Ndani ya lile handaki, kabla ya chumba cha usalama, kuna mtu ameanguka. Ni picha tu, hana hata sura. Sheria inasema umpite, utoke, uite waokoaji, kwa sababu ukimvuta peke yako kwenye moshi mtakufa wawili. Wanaotoka mikoa mingine humpita. Wakurya hawampiti. Huku wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni ndugu hadi kaburini, na kumwacha mwenzako chini ni aibu ambayo watoto wako watasimuliwa. Basi kila mmoja anainama kumbeba, na kioo kinakuwa chekundu: umekufa.

Marwa alikuwa amekufa hivyo mara mbili. Ni mtu mzima, ana watoto wanaosoma, na amechoka kuchimba kwenye mashimo ya kienyeji yasiyo na nguzo. Alitaka kazi yenye kofia ngumu na bima. Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini akasema, "Wewe binti, umewahi kushuka mgodini?" Nikamwambia hapana. "Basi tuko sawa, hata mimi sijawahi kushuka kwenye miwani." Aliposhindwa mara ya pili hakutania tena. Nilimwambia yule ni picha.

"Najua ni picha," akajibu. "Lakini mama yake nitamwambia nini?"

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya mwisho. Kabla sijamvalisha nikamuuliza, "Marwa, ukiona wezi wanaswaga ng'ombe wa jirani, unafanya nini?"

"Napiga yowe."

"Huwafuati mwenyewe?"

"Peke yangu? Mimi nina wazimu?"

"Basi na huku chini ni hivyo hivyo. Mpite, toka, ukapige yowe."

Akafikiri, akavaa. Nilimwona kwenye kompyuta akifika kwa yule aliyeanguka. Akasimama. Akamwambia kitu kwa Kikurya, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Kisha akampita. Akaishika kamba, akaingia chumba cha usalama. Nikajua amefaulu.

Mama, badala ya kubonyeza kitufe, alivitupa vishikio chini, akaweka mikono mdomoni na kupiga yowe.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Na huku yowe si la kusikiliza tu. Anayelisikia asipokwenda anatozwa faini. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa. Waendesha bodaboda waliacha abiria, wengine walikuja na fimbo na mapanga, mzee mmoja na jembe lenye udongo mbichi.

"Mura," wakamwita, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "wezi wako wapi? Wameelekea wapi?"

"Ndani!" Marwa akaita, miwani ingali usoni. "Kuna mtu ndani!"

Wakaingia. Wakaona meza, kompyuta na mimi.

Ilikuwa karibu kuwa vita. Kupiga yowe la uongo ni kosa kubwa kuliko kutokwenda. Msimamizi naye anasema mashine imeandika "hakuripoti," kwa hiyo Marwa ameshindwa. Yeye amekaa kwenye benchi, miwani mikononi. Nikasimama mbele yao. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia apige yowe, kama kuna faini ni yangu.

Mama Bhoke akasema kutoka mlangoni, "Mgeni huyu. Awanyweshe chai, yaishe." Birika lake likaisha na maandazi yakaisha, nao wakaondoka wakinitania kwamba nikiolewa huku nitajua kupiga yowe lenyewe.

Msimamizi aliwatazama wote wale wakienda, na mapanga yao. Akakubali Marwa arudie kipande cha mwisho tu. Marwa akavaa, akabonyeza kitufe chekundu. Kompyuta ikalia *ti* ndogo, kioo kikawa cha kijani. Amefaulu.

Hakufurahi. Aliivua miwani, akageuka akatazama mlango, akaendelea kuutazama. Nje alikuwapo Mama Bhoke peke yake, anasuuza vikombe.

"Mwalimu," akaniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "hawa wa kitufe, huwa wanakuja kweli?"

Nikamjibu wanakuja. Ndivyo nilivyofundishwa kujibu. Tangu Alhamisi nimekuwa nikijiuliza, maana hao waokoaji sijawahi kuwaona kwa macho.

Msalimie baba, na dada mkubwa na mume wake. Mwambie shangazi anayekaa na bibi kwamba kitenge nimekiona sokoni, nitakituma nikipata mtu wa kusafiri nacho. Kaka anayelima viazi aache kukuazima jembe bila kurudisha. Majirani wanaocheka, wasalimie pia.

Marwa anashuka mgodini kesho asubuhi. Mnapopiga magoti jioni, baada ya kunitaja mimi, mtajeni na yeye.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Yusta