Ulinifundisha Yadi, Mjomba

Mpendwa Mjomba Barasa,

Nimekupigia simu mara nyingi tangu uondoke Ruiru na hushiki. Jumbe ninazokutumia unazisoma, naona, kisha kimya. Kwa hiyo nakuandikia barua, na nimeiacha wazi ili Mama na madereva wenzako nao waisome, maana mpaka leo wamesikia upande wako tu. Alhamisi nina majaribio ya udereva wa trela kule Thika. Naogopa, na mtu ambaye ningependa kumwambia naogopa ni wewe. Hilo ndilo linaloniuma kabla ya yote.

Unakumbuka nilivyokuwa nimekaa nyumbani Murera mwaka mzima na stashahada yangu ndani ya bahasha, nikifua na kumngojea Mama atoke kwenye shamba la maua? Ulikuja Jumapili moja, ukala, ukanawa mikono, ukasema, "Kesho uvae vizuri. Twende kwetu." Kwa meneja wa kampuni yenu ya malori, pale Ruiru, ulinitambulisha hivi: "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Kusoma amesoma, na hana mdomo." Nilipewa kazi ya karani wa geti. Hakuna trela inayotoka pale mpaka dereva ajaze karatasi ya ukaguzi, halafu karani ashuke, azunguke naye, waangalie pamoja tairi, nati, taa na mipira ya breki za upepo. Ndipo karani agonge muhuri na geti lifunguliwe. Nilikariri kazi hiyo siku ya kwanza. Nilijivunia muhuri ule kama mtu aliyepewa cheo.

Wiki ya tatu uliniona nikikodolea macho trela yako ikiingia. Ukaniuliza kutoka dirishani, "Unataka?" Nikacheka. Ukasema, "Mimi siulizi mara mbili, mama."

Jumapili baada ya kanisa yadi huwa tupu. Uliniwekea sweta yako mgongoni ili miguu yangu ifike klachi. Niliushika usukani kama mtu anayezama, mpaka ukashika tumbo kwa kucheka. "Hii gari haijakuuma bado na wewe umeshaanza kulia?" Kisha ukaacha kucheka, ukaniambia nifumbe macho niisikilize injini. "Usiangalie gia. Sikia vile inalia. Ikilalamika, ibadilishie." Nilifumba macho, nikasikia. Mjomba, sijawahi kufundishwa kitu kwa upole namna ile, si shuleni, si chuoni. Nilirudi nyumbani nikinuka dizeli, na Mama akasema nanuka kama wewe, nami nikafurahi.

Kisha tukafika kwenye kurudi nyuma. Hapo ulinipa alama za kufuata, vitu vya pale pale yadini. Tangi la bluu likiingia kwenye kona ya kioo cha kulia, kata usukani mzunguko mmoja na nusu. Dirisha la jikoni likitokea, rudisha. Nguzo ya taa ikijificha nyuma ya trela, nyoosha. Nilikwenda nyumbani nikaziandika zote kwenye daftari na kuzipigia mstari, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kujifunza. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naingiza trela kwenye nafasi yake bila kugusa ukuta, na walinzi walipiga makofi. "Ona dereva!" ulipaza sauti. "Ona damu ya Barasa!" Siku ya mtihani wa leseni nilipewa lori fupi lisilo na trela, nikapita. Niliamini nimeiva.

Lakini kuna jambo lililoanza mapema zaidi. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Jumapili yetu ya kwanza, ulisimama mbele ya kibanda changu ukapiga honi mara mbili. "Nanjala mama, nimechelewa. Nimeshaangalia kila kitu mwenyewe. Gonga tu." Karatasi ilikuwa imejazwa, Sawa, Sawa, Sawa, mpaka chini. Nilikutazama, nikaona yule mtu wa jana aliyeniwekea sweta mgongoni. Nikagonga. Wiki iliyofuata ukapiga honi mara mbili tena. Baadaye hukusema hata neno. Honi mbili, mkono unatoka dirishani na karatasi, mimi nagonga nikiwa nimekaa. Madereva wengine niliwashukia wote, jua au mvua. Wewe peke yako sikukushukia. Jumapili kwangu zilikuwa Jumapili na Jumatatu zilikuwa Jumatatu. Sikuwahi kuziweka pamoja.

Nafasi za madereva wapya zilipotangazwa kwenye yadi kubwa ya kampuni kule Thika, na sisi wafanyakazi tukaambiwa tuombe kwanza, ulisema nisubiri mwaka ujao. "Haraka ya nini?" Niliomba hata hivyo. Wakatuita tukafanye mazoezi kabla ya majaribio yenyewe, watu saba, mimi msichana peke yangu. Msimamizi alikuwa Mzee Njoroge, yule mwenye kofia ya sufu hata kukiwa na jua. Alipanga koni kwenye uwanja wa changarawe, akaniambia, "Haya, rudisha uweke hapo katikati."

Nilipanda. Nikatazama kioo cha kulia. Hakukuwa na tangi. Hakukuwa na dirisha wala nguzo, ni uwanja tu na ua wa waya, na nyuma yake migomba. Nilikata usukani mzunguko mmoja na nusu kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Trela ilikwenda upande nisiotaka. Nikakata zaidi, ikajikunja, nikasikia koni zikivunjika chini ya tairi moja baada ya nyingine.

"Simama! Simama!" Mzee Njoroge alipanda kwenye ngazi ya kebini. "Msichana, unatafuta nini kwa hicho kioo?"

"Tangi."

"Tangi gani?"

Wale sita walikuwa wamesikia. Mmoja akasema, "Mpelekee tangi, Mzee, mtoto ana kiu," wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Njoroge hakucheka. Aliniuliza nani alinifundisha. Nilipotaja jina lako alivua kofia akajikuna.

"Barasa? Barasa nilimfundisha mimi, hapa hapa. Anajua vizuri mtu anafundishwa aje." Akaivaa kofia tena. "Wewe umefundishwa yadi. Gari bado."

Kesho yake nilikufuata kwenye kibanda cha chai mkabala na geti. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba ulisahau, au uliona nina akili nzito ukanirahisishia. Nilikuwa tayari kukubali lolote.

"Anko, kwa nini hukunifundisha kurudi nyuma?"

"Si unarudi? Unaingiza trela kama mtu wa miaka kumi kazini."

"Kwa yadi yetu tu."

Ulipuliza chai. "Nanjala, barabara si ya watu wa kuandika vizuri. Ukifika ule mteremko wa Mai Mahiu na mvua, utatoa daftari?" Mama wa chai akacheka, nawe ukaona umepata watazamaji. "Halafu ukienda, mimi kwa geti nitaachiwa nani? Waniletee mtu wa kunizungusha na gari yangu kama mwizi?"

Ulisema kwa utani, ukaniagizia andazi. Nililila. Nililimaliza lote, Mjomba, ndipo nikaelewa. Ungetaka kunidanganya ungenipa jibu zuri zaidi, na mimi ningelipokea. Ulisema kweli kwa sababu hukudhani ina uzito wowote. Zile Jumapili ndizo zilizonifanya nisishuke siku za Jumatatu. Ulinipa udereva wa kunitosha kukushukuru, usiotosha kuniondoa getini.

Jumatatu iliyofuata ulipiga honi mara mbili. Nilishuka na karatasi.

"Wewe, gonga."

"Anko, teremka tukague."

"Leo umeamkaje?"

Nilizunguka peke yangu. Tairi moja ya ndani ya trela ilikuwa imekwisha mpaka nyuzi zinaonekana. Mpira mmoja wa breki za upepo ulikuwa umefungwa kwa kipande cha tyubu, na kipande chenyewe kilikuwa kikuukuu, kimepauka. Hakikufungwa wiki ile. Kwenye karatasi, mbele ya tairi na mbele ya breki, mwandiko wako: Sawa, Sawa. Nilikuwa nawaza faili la kibandani, karatasi zako zote za miezi hiyo, na muhuri wangu chini ya kila moja. Ulikuwa ukiteremka Mai Mahiu na mpira ule, watu wakiwa mbele yako kwenye magari yao, na mimi ndiye niliyesema gari ni sawa.

Nyuma yako madereva walikuwa wanapiga kelele. "Karani! Fungua tuende!" Uliteremka hatimaye, ukaja karibu, ukasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Ndiyo, Anko."

"Basi fungua."

"Siwezi."

Ulizima injini, ukachukua begi lako, ukaniachia ufunguo juu ya meza yangu pale pale karibu na muhuri, ukatoka kwa mlango mdogo. Hukugeuka. Nilisikia baadaye kuwa umepata kazi upande wa Busia.

Mama hajanisamehe. "Umemwaibisha ndugu yangu mbele ya watu. Barasa alikubeba mgongoni mpaka zahanati ukiwa na malaria, hata ulimtapikia." Najua. Nakumbuka shingo yako na jasho lake. Laiti ungekuwa mtu mbaya siku zote, ningelala. Ninachoshindwa nacho ni kwamba mgongo ulionibeba ni wako, na karatasi zile ni zako.

Jambo moja Mama halijui, na nataka alisome hapa. Sikukushtaki peke yako. Siku ile ile nilikwenda kwa meneja na faili lote, nikamwambia karatasi zako nilizigonga bila kushuka, kila moja. Nimepewa barua ya onyo, na geti linapewa mtu mwingine mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nikianguka Alhamisi sina kazi Thika wala Ruiru. Nitarudi Murera, kwa bahasha yangu na Mama asiyenisemesha.

Mzee Njoroge ameniruhusu kwenda uwanjani mapema kabla wengine hawajafika. Kwanza alinifunikia kioo kimoja kwa gunia. "Sahau ukuta, sahau vitu vyote vimesimama. Angalia tairi ya mwisho ya trela. Ikitaka kukimbia, ifuate taratibu." Nikikosea anasema "Aiya!" na nikipatia anasema "Aiya!" pia, kwa hiyo sijui nimefika wapi mpaka niteremke nikaangalie. Jana nilijaribu mara sita. Mara nne niliingia, mara mbili nikagonga koni. Ameniambia nikiwa na shaka nisimame, nivute breki, nishuke, nitazame kwa macho yangu, kisha nipande tena. Nilimuuliza kama hiyo haipunguzi alama. Akasema hajawahi kuona dereva aliyefutwa kwa kushuka.

Bado naogopa. Naogopa wale sita na kicheko chao. Naogopa kwamba mikono yangu itatafuta zile alama zako yenyewe, bila kuniuliza. Na ukweli ni kwamba kila ninaposikia injini ikilalamika nabadilisha gia bila kufikiri, kwa wakati unaofaa, na Mzee Njoroge hutikisa kichwa akasema hapo nilifundishwa vizuri. Hapo huwa natamani kulia, kwa sababu ulijua kufundisha. Ulijua.

Leo nimejaza fomu ya majaribio. Inauliza jina la aliyekufundisha na nambari yake ya simu. Wenzangu waliniambia niandike Njoroge, nisijitafutie mambo. Nimeandika Barasa, kwa sababu ndiwe. Penye swali la mambo uliyofundishwa nimeandika gia, klachi, kusikiliza injini. Chini yake wanauliza mambo ambayo mwanafunzi hakufundishwa, sehemu ambayo watu huiacha wazi. Nimeandika: kurudi nyuma na trela. Nikatia sahihi.

Jumatano watawapigia simu walimu wetu wote, nawe utaona nambari ngeni ya Thika. Tafadhali, hiyo ipokee. Usinisifu kwa ajili ya Mama, wala usinitetee kwa sababu ya damu. Watakuuliza kwa nini karani wako hakufundishwa kurudi nyuma. Wajibu. Mimi hutaki kuniambia, na pengine huwezi. Lakini wao ni wageni, na mgeni ni rahisi kumwambia. Wewe sema tu mara moja kwa mdomo wako, hata kama si mimi nitakayekuwa nimeshika simu.

Uendeshe salama huko Busia, na ule mpira ubadilishwe kwenye gari lolote utakalopewa.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,

Nanjala