Hatua ya Kumi na Nane: Kwa Baba Yetu, Masilamani

Jumatano, tarehe 3 Desemba, saa moja na dakika kumi asubuhi. Mvua inanyesha Chennai tangu juzi, na upepo unaisukuma hadi ndani ya vibaraza. Leo mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako usimame kwenye ngazi za ofisi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Waliokukuta wanasema ulikuwa umeketi, umeshika flaski ya kahawa, na kahawa haikuwa imemwagika.

Tunakuandikia katika jarida hili la wastaafu kwa sababu ulilisoma kila mwezi, ukianzia ukurasa wa nyuma, huu wa kumbukumbu. Mama alikuuliza kwa nini unaanza na marehemu. Ulimjibu kwamba walio hai wanaweza kusubiri.

Ulikuwa mtu wa utaratibu. Ulikuwa na mashati mawili ya bluu, ukiyavaa kwa zamu. Kahawa ya kwanza uliinywa nyumbani, ya pili ofisini, na hukugusa kibodi kabla ya kuimaliza hiyo ya pili, saa nne kasoro dakika ishirini. Ulipokasirika hukupandisha sauti. Ulinyamaza, ukafuta miwani kwa ncha ya shati, kisha ukaanza upya.

Miaka thelathini na moja uliitunza kompyuta kuu ya ofisi ya pensheni. Wageni walioingia chumba kile walitarajia maajabu, wakakuta kabati jeusi lenye baridi na mngurumo. Ulituambia kwamba mle ndani yamo majina ya watu laki sita, na kwamba kila Novemba kila mmoja wao lazima athibitishe kuwa yu hai. Asiyethibitisha, kabati humhesabu amekufa. Halina ubaya, ulisema. Halijui tu.

Novemba ya mwaka jana, dada yako Valliammal, mpokea simu mstaafu wa miaka sabini na tisa, alisimama kwenye foleni saa tano nzima, akaanguka akiwa wa nne kutoka dirishani. Nyonga ilivunjika. Dirisha hakulifikia, kwa hiyo kabati likamwandika amefariki. Ungeweza kulirekebisha jina lake kwa mkono wako, kwa dakika moja. Hukufanya hivyo. Ulisema ukianza na dada yako, hutajua pa kuishia. Badala yake ulikaa kando ya kitanda chake ukamwahidi kwamba mwakani atathibitisha akiwa hapo hapo alipolala, na kwamba wewe mwenyewe utamfungulia njia.

"Basi ifungue haraka," alikuambia. "Mimi sina miaka ya kuchezea."

Njia uliyoitaka ilikuwa programu-jalizi. Seva ya wavuti hupokea watu wa nje, wanaoingia kwa simu zao. Seva ya ndani ndiyo inayozungumza na kabati la majina. Programu-jalizi hukaa kati ya hizo mbili kama bawabu, ikiwa na faili moja la maelekezo linaloiambia nani apelekwe wapi. Kila baada ya sekunde sitini hulitazama faili hilo kuona kama kuna aliyelibadilisha. Ulianza kuisakinisha wiki hiyo hiyo, ukaandika kila hatua kwenye daftari la kijani, kwa namba. Hatua ya kumi na saba uliiandika tarehe 2 Desemba. Ya kumi na nane ina namba peke yake.

Ilituchukua miezi minne kumrudisha Shangazi kwenye orodha ya walio hai. Ofisi ilituonya kwamba akikosa mara ya pili, jina lake litafutwa moja kwa moja. Muuguzi anayekuja kila asubuhi kumgeuza kitandani huletwa na ofisi kwa jina lile; likifutwa, naye haji.

Mwezi Juni nilipewa nafasi ya huruma, kama mtoto wa mtumishi aliyefia kazini. Niliacha kufundisha fizikia Madurai, nikaja kuketi kwenye kiti chako. Idara ya usalama ilikuwa imeifuta namba yako ya mtumiaji, na mashine iliponiandikisha ilinipa namba ya kwanza iliyo wazi. Ilikuwa yako. Kompyuta kuu haihifadhi jina la mwenye faili, huhifadhi namba. Asubuhi ya kwanza nilifungua orodha, nikakuta mafaili mia nne na kumi na mawili yenye jina langu, Kayalvizhi, yaliyoandikwa wakati mimi nipo darasani Madurai. Bosi wetu, Bwana Dorairaj, alinieleza sababu. Niliielewa. Hata hivyo niliomba kubadilishiwa kiti, na hakikupatikana kingine.

Nilifuata daftari lako. Hadi hatua ya kumi na saba kila kitu kilikwenda sawa. Kisha nikatengeneza faili la maelekezo kwenye kompyuta ya mezani, nikalituma kwenye kompyuta kuu, na programu-jalizi ikakataa kulisoma. Nililituma mara arobaini. Kila mara ilijibu kwamba haioni kitu humo. Bibi Sundari wa meza ya jirani, uliyefanya naye kazi miaka mingi, alinitania mbele ya watu.

"Mwalimu, mashine haifanyi mtihani. Anayefeli hapo ni wewe."

Kamati ya ukaguzi ilikuwa ikae tarehe 10 Oktoba. Kazi ambayo isingekubaliwa siku hiyo ingengoja mwaka mwingine. Shangazi hakuwa na mwaka mwingine.

Mwanzoni mwa Oktoba ikafika sikukuu ya vyombo vya kazi. Unajua tunavyofanya. Siku ya kuamkia sikukuu tuliosha meza, tukafunga migomba mlangoni, tukapaka msandali na nukta nyekundu kwenye kabati, kwenye skrini na kwenye kibodi. Tukala dengu na bisi za mchele, tukapasua boga nje ya mlango. Skrini zote zilizimwa. Siku ya sikukuu yenyewe vyombo hupumzika, na hakuna mtu wa chumba kile anayethubutu kuvigusa. Kabati halizimwi, lakini nalo haliguswi, na hakuna pa kuligusia isipokuwa mle chumbani. Bwana Dorairaj alifunga mlango, tukaenda makwetu.

Tuliporudi Ijumaa, nilikuta msandali kwenye kibodi yangu umekauka, utepe mmoja mpana juu ya herufi zote, bila ufa hata mmoja. Niliufuta kwa kitambaa cha maji. Nikawasha skrini. Programu-jalizi ilikuwa inafanya kazi.

Faili la maelekezo lilikuwa limebadilishwa siku ya sikukuu, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi. Mwenye faili: Kayalvizhi. Ndani yake ilitajwa hata seva ya pili, ambayo ofisi iliinunua Septemba hii, wewe ukiwa haupo. Juu kabisa palikuwa na mstari wa maelezo, wa aina ile ambayo mashine huiruka na watu pekee huisoma:

18. Daktari, usitafsiri. Tuma kama lilivyo.

Hapo nikalielewa kosa langu. Kompyuta kuu ina namba zake za kuandikia herufi, na kompyuta za mezani zina zake. Maandishi yote yanayoingia hutafsiriwa mlangoni. Ndivyo anavyofundishwa kila mtu wa kazi hii, na mkono hufanya hivyo bila kuuliza. Faili hili pekee hutakiwa libaki katika herufi za nje. Mimi nilikuwa nimelitafsiri mara arobaini.

Kosa nililielewa, Baba. Mstari sikuuelewa. Uliniita Daktari tangu nilipofeli mtihani wa kuingia udaktari mara ya pili, ukisema umeshalizoea jina na huoni sababu ya kulitupa. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na ofisini hukuwahi kulitaja. Siku ulipofariki mimi nilikuwa mwalimu, na hakuna aliyewaza kwamba nitaketi pale.

Bwana Dorairaj aliusoma mstari ule akiwa amesimama nyuma yangu. Akavuta kiti. Kanuni ya chumba unaijua, maana uliiandika pamoja naye: faili ambalo mwandishi wake hajulikani hufutwa siku hiyo hiyo, pamoja na usakinishaji wote unaolitegemea, na kazi huanza tena hatua ya kwanza. Hatua kumi na saba zilikuwa zimenichukua miezi mitatu. Tulikuwa na siku saba. Alitoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya meza.

"Binti, hili faili kaandika nani?"

Akagusa skrini kwa kalamu, juu ya ule mstari.

"Na huyu Daktari ni nani?"

Niliitazama ile nafasi tupu kwenye fomu, mahali pa jina.

"Ni mimi, bosi. Baba alikuwa ananiita hivyo."

"Kwa hiyo unajiandikia maagizo mwenyewe?"

"Nasahau haraka, bosi."

"Siku ya kupumzisha vyombo?"

"Siku hiyo hiyo."

Hakupandisha sauti. Aliandika jina langu, akaniongezea miezi sita ya majaribio, akaondoka. Bibi Sundari, aliyelipaka kabati msandali kwa mkono wake, alikuwa amesikia yote.

"Mashine ya baba yako mwenyewe, mama," aliniambia. "Hata siku moja huwezi kuiacha ipumue?"

Hakunisemesha karibu miezi miwili. Alikuwa na haki, kwa alichokisikia. Sikujitetea, maana utetezi niliokuwa nao ulikuwa mbaya kuliko kosa.

Kamati ilipitisha kazi. Mkaguzi mmoja alisifu mpangilio wa faili, akasema limeandikwa na mtu wa zamani. Nilimshukuru.

Tarehe 1 Novemba nilikaa kando ya kitanda cha Shangazi. Nilimshikia simu, akaweka kidole gumba, tukangoja. Ujumbe ulirudi kwamba Valliammal, mstaafu, yu hai. Aliniuliza imechukua muda gani. Nikamwambia sekunde nne. Akaniagiza nimwambie mdogo wake kwamba njia imefunguka. Alisema kama mtu anayezungumzia chumba cha pili.

"Shangazi, Baba alishafariki."

"Najua. Hata mimi nilifariki, miezi minne. Wewe mwambie tu."

Nimekuambia.

Wiki iliyopita nilimweleza Bwana Dorairaj ukweli, kwa sababu sikutaka kukuandikia hapa nikiwa na uongo mkononi. Nilimwambia kwamba siku ya sikukuu nilikuwa nyumbani namenya vitunguu na Mama, na kwamba faili lile sikuliandika. Alikuwa anakunja mikono ya shati. Hakuacha.

"Najua," alisema. "Mlango nilifunga mimi, na ufunguo ulishinda mfukoni mwangu siku zote mbili."

Nilimuuliza kwa nini basi aliandika jina langu.

"Fomu ilitaka jina la mtu aliye hai."

Aliniruhusu niyaandike haya. Alisema asiyeamini hatadhurika, na anayekufahamu hatashangaa sana.

Baada ya hapo, kila mmoja alifanya hivi. Bwana Dorairaj aliifuta ile miezi sita, na hakuandika sababu. Bibi Sundari alianza kunisemesha tena, akaleta msandali mpya kutoka hekaluni, akaupaka kwenye kabati katikati ya wiki, siku isiyo ya sikukuu yoyote. Mkeo Poongodi leo ameamka mapema, amepika vyakula vyote vya ibada ya mwaka, ameweka wali juu ya ukuta wa paa kwa ajili ya kunguru, anayekula kwa niaba ya marehemu, na kunguru ameshuka kwenye mvua akala kabla hajaitwa. Dada yako Valliammal aliomba idli mbili, vile vimkate vya mchele vya mvuke, akala moja, akasema ya pili ni yako. Mimi, binti yako Kayalvizhi, nilichukua fomu ya kuomba namba mpya ya mtumiaji. Nilijaza jina, idara na tarehe, nikairudisha kwenye droo bila sahihi.

Tutakukumbuka, Baba, kila siku tutakayohesabiwa kuwa hai.