Nyumba Niliyoambiwa Niibebe

Nairobi,
Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Muthama,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa salama huko Lodwar, kwamba joto halijakuzidi, na kwamba wanafunzi wako wamekuachia sauti ya kutosha kusalimia watu jioni. Wifi Nthenya naye anaendeleaje na mgongo wake? Mwambie ile dawa ya kupaka aliyoniulizia nimeipata, nitaituma nikipata mtu wa kuaminika. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, magoti yamepoa tangu mvua zikatike, na leo kanisani ameimba nyimbo zote akiwa amesimama. Duka langu la mapazia pale Ngara linakwenda, namshukuru Mungu, ingawa wiki hizi nimelifungua nusu nusu kwa sababu utakazozisoma hapa chini.

Nakuandikia barua, kaka, kwa kuwa nikikutumia ujumbe wa simu huwa unanijibu kwa ile picha ya viganja viwili vya kuomba. Nilikueleza kwamba ndugu yetu anauza ardhi chini ya miguu yangu, ukanitumia viganja. Nikakuuliza kama unakumbuka maneno ya Baba, ukanitumia viganja tena, na chini yake ukaandika kwamba tutaelewana tu. Hatukuelewana. Basi keti usome mpaka mwisho. Nimekasirika, sikufichi, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Ulikuwepo Baba aliposema, akiwa kitandani na akili zake timamu, kwamba hati ya kiwanja chetu cha Mountain View itakaa kwa jina la Ndambuki, kwa kuwa yeye ndiye mdogo wetu anayefanya kazi benki na anajua mambo ya makaratasi. Lakini alisema pia kwamba ile sehemu ya nyuma, kule kwenye mteremko wa kijito, ni yangu nijenge. Wewe ndiye uliyemshika mkono na kumjibu kwamba tumesikia. Baba akazikwa, wewe ukarudi Lodwar, na sisi tukabaki na nyumba ya mawe iliyokuwa inapasuka. Ufa ulianzia dirisha la jikoni ukashuka mpaka sakafuni, na juu mchwa walikuwa wamekula mbao za paa mpaka ukizigusa zinabaki unga. Ndambuki akamchukua Mama kwenda kwake Lavington. Akamweka katika kile chumba cha nje karibu na geti, ambapo kutoka tu kwenda kanisani ilibidi aombe gari, na mara nyingi gari lilikuwa na shughuli nyingine.

Nikaamua kujenga. Mafundi wa mawe walipokuja kuukagua mteremko walinipa matumaini makubwa, kisha hesabu ya msingi wenye kina cha kaburi la jitu, ambayo nisingeiweza. Ndipo rafiki yangu Wangeci aliponipeleka kwa Jacklyne, mama mmoja mwenye karakana ya vyuma pale Kangemi. Jacklyne alinionyesha nyumba alizokwisha kusimamisha na kunieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: kwamba udongo ule laini wa karibu na kijito haukuwa na ugomvi na nyumba, ulikuwa na ugomvi na uzito. Ukiweka mawe juu yake utazama, na mawe yakizama yanapasuka. Fremu ya chuma ni nyepesi, inakaa juu ya vinguzo vifupi vya zege, na ardhi ikisogea kidogo chuma kinavumilia, hakivunjiki. Mchwa hawali chuma. Nguzo zinakatwa karakanani kwa kipimo chake, zinakuja zimetobolewa tayari, zinafungwa kwa bolti na nati. Hakuna kuchanganya simenti wiki nzima huku mvua ikikusubiri, hakuna mchanga wa kuibwa usiku.

Kaka, ilisimama kama mchezo. Jirani aliyeanza kujenga kwa mawe siku zile zile alikuwa bado anagombana na watu wa lori la mawe nilipokuwa napachika mapazia. Kuta ni mabamba ya simenti, katikati yake mmejazwa sufi ya kuzuia joto na baridi, na ndani kumepigwa mabamba laini ya jipsamu nyeupe. Mgeni akiingia hajui kuna chuma mpaka aambiwe. Mama alikuja kuiona, akazigonga kuta kwa fimbo yake, akakaa kitandani, na jioni akakataa kurudi Lavington. Mvua kubwa zilipokuja, mteremko wote ulitembea. Ukuta mpya wa yule jirani ulilala chini. Nyumba yangu ililia kidogo, kama mtu anayejinyoosha, na asubuhi milango yote ilikuwa inafunga kama kawaida.

Unajua Ndambuki alisema nini alipoiona? Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akauliza, "Sasa hii ni nyumba ama ni kontena?" Akasema watu wa kazini kwake wakisikia dada yake anaishi ndani ya mabati ataificha wapi aibu yake. Hakuna mabati pale isipokuwa paa, na hata nyumba yake ya Lavington ina mabati chini ya vile vigae vya kujionyesha. Nilidhani ni maneno tu.

Kisha akatuita kwake, mimi na Mama, akatupa chai katika vikombe vya wageni, akatuambia ameuza kiwanja. Chote. Aliyenunua ni mjenzi wa maghorofa anayeitwa Kuria, na sisi tunatakiwa kuondoka mwezi ukiisha. Nilimkumbusha maneno ya Baba. Akasema hati haina maneno ya Baba, ina jina lake. Nikamuuliza, na nyumba yangu? Akacheka. Akasema alimweleza mnunuzi kwamba huko nyuma kuna kibanda tu cha vyuma, kitasukumwa na tingatinga. Nikasema ile ni nyumba. Akanijibu, Mama akisikia, mke wake akisikia, "Kama ni nyumba, ibebe basi uende nayo."

Sikulia, kaka. Nililia baadaye, dukani, nyuma ya vitambaa.

Sasa sikiliza lililonichoma kuliko hata kuuzwa kwa kiwanja. Huyo Kuria alikuja kutazama alichonunua. Ni mtu mstaarabu, alibisha hodi. Nilimkaribisha chai, kwa sababu kosa halikuwa lake. Akazunguka nyumba yote, akainama kutazama chini ya sakafu, akauliza nani aliifunga. Akasema hakutarajia, kwamba nyumba kama hii ingemfaa mhandisi wake kukaa wakati wa ujenzi, na kwamba angezungumza na ndugu yangu. Akazungumza naye. Kesho yake Ndambuki akanipigia simu, sauti tamu kama ya mtu wa kuuza bima. Akaniambia nisiguse chochote, kwa sababu kisheria nyumba ya kudumu iliyoshikamana na ardhi huuzwa pamoja na ardhi, na yeye tayari amekubaliana na mnunuzi.

Nyumba ya kudumu. Mtu yule yule, mdomo ule ule. Alipotaka kunitoa ilikuwa kibanda. Alipoona mtu anaitamani ikawa nyumba ya kudumu. Nilimuuliza kama imebadilika kati ya Jumanne na Alhamisi. Akasema siku zote nilikuwa mgumu wa kuelewa. Ndipo nilipokuandikia wewe, kaka mkubwa, shahidi wa pekee nje ya Mama, nikikuomba umpigie simu na kumwambia sentensi moja tu: nilikuwepo, nilisikia. Ukanitumia viganja.

Nilikwenda kwa Jacklyne. Nilimuuliza kama kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Aliniangalia kama nimeuliza kama mlango unaweza kufunguliwa. Akasema hiyo ndiyo raha ya bolti, kwamba nyumba ya mawe ukiihamisha unahamisha kifusi, lakini hii inarudi chini nguzo kwa nguzo jinsi ilivyopanda. Jipsamu tutaipoteza, akasema, na baadhi ya mabamba yatavunjika pembe, lakini mifupa yote itatoka mizima. Siku ya Jumamosi, mchana kweupe, majirani wote wakitazama, akaja na vijana wake na lori. Walianza na paa. Kila nguzo waliipiga alama ya chaki, wakailaza nyasini kwa mpangilio.

Ndambuki alifika fremu ikiwa imebaki imesimama uchi, unaona milima ya Ngong kupitia chumba cha kulala cha Mama. Alikuja na askari mmoja na Kuria mwenyewe. Alipiga kelele kwamba naiba mali iliyouzwa. Yule askari akamtazama Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya masufuria, akaona haya, akasema hayo ni mambo ya familia. Mimi nikamgeukia Kuria. Nikamuuliza kwa heshima, siku anaweka sahihi, ndugu yangu alimwambia nyuma kuna nini.

"Niliambiwa kuna kibanda kitabomolewa," akasema.

"Na hicho kibanda kilikuwa ndani ya mapatano yenu?"

Akasema hapana, alichonunua ni ardhi, hilo la nyumba lilikuja baadaye kwa mdomo, na yeye hawezi kugombana na mama wa watu kwa sababu ya maneno ya mdomo. Akaongeza kwamba kama angejua ardhi ina mama juu yake angeuliza maswali zaidi. Nikamwambia bado hajachelewa kuuliza. Ndambuki akabaki peke yake, amesimama mbele ya lori na viatu vyake vya ofisini vimejaa matope, akimtazama Mama kama kwamba Mama ndiye atakayemtetea. Hakuwa mtu mbaya wakati ule, kaka. Alikuwa na sura ile ya utotoni, alipokuwa akivunja kitu akasubiri mmoja wetu aseme ni paka.

Mama akanyanyuka, akaegemea fimbo yake.

"Ndambuki," akasema, "songa kando. Unazuia lori."

Akasonga.

Hayo yote umeyasoma, na ninajua unajiuliza tumekwenda wapi. Hapa ndipo ninapokiri, na sikiri kwa kuomba msamaha. Lori halikwenda mbali. Lilipanda barabara ya Waiyaki Way likaingia Uthiru, likasimama kwenye kiwanja chako. Ndiyo, kile ulichonunua ulipopandishwa cheo ukakiacha kiwe jaa la mtaa mzima. Tuliondoa taka, tukang'oa magugu, Jacklyne akamwaga vinguzo vipya. Ardhi yako ni ngumu na tambarare, fremu imekaa kama ilizaliwa hapo. Kibali cha kaunti tuliomba kwa jina lako na aliyekwenda kukiomba ni Mama mwenyewe, akawaambia mwanawe mkubwa ni mwalimu na yuko mbali. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Ninakuandikia nikiwa ndani yake. Kuta za chumba changu bado hazina jipsamu, naona nguzo zikipita juu ya kichwa changu, na usiku nalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba ungenitumia viganja, na Mama angekuwa sasa hivi katika kile chumba karibu na geti. Lakini sitaki nyumba yangu ikae juu ya ukimya wako kama ilivyokaa juu ya hati ya Ndambuki. Kama hututaki hapa, sema hivyo kwa sauti yako, nisikie, na Mama asikie. Jacklyne bado ana lori. Na kama unatutaka, hilo nalo liseme kwa sauti, kisha uje tuandikishane, sehemu yangu na sehemu yako, na jina langu liwe kwenye hati. Tena nakwenda mahakamani juu ya kiwanja cha Baba, na nitakutaja kama shahidi. Utasimama useme ulichosikia au utakana mbele ya Mama. Hakuna njia ya tatu.

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kukutumia. Alikuwa anachagua maharagwe. Amesema umsalimie Nthenya na watoto, ule chakula cha kutosha, na kwamba chumba cha mbele ni chako siku ukija. Halafu nilipokuwa nafunga barua ameniita tena niongeze: uje na mdomo wako.

Nisalimie wote huko, na Mungu akulinde katika kazi yako. Bado nakupenda, kaka, na bado nimekasirika.

Ni mimi dada yako,
Kamene