Mtungi Ulioponda Mguu wa Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa miaka arobaini nimeficha ukweli kuhusu ule mtungi wa oksijeni ulioponda mguu wa baba. Daktari anasema siku zangu zinahesabika, basi nausema.

Karakana yetu ya kuchomelea ingalipo nyuma ya nyumba. Mitungi imefungwa minyororo ukutani, na hakuna unaotoka bila toroli. Juzi nilitaka kusogeza mmoja, binti yangu akafoka, "Baba, hata kikombe cha chai kinakushinda!" Alipogeuka nikauinamisha, nikauzungusha kwa kitako chake hadi mlangoni. Sikuuinua hata kidogo.

Aliposikia nakuandikia, alinisihi ninyamaze, nisijiaibishe uzeeni. Nikamwambia aibu ni yangu, asinipangie.

Siku ile ulisema, "Kaka, tungoje toroli." Nikakucheka, nikakuambia una mikono ya karani. Tukaubeba, mimi mbele, wewe nyuma, baba akitusafishia njia. Mtungi ulipomwangukia, nilikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Dogo ameachia!" Baba akakufukuza akiwa bado chini, nawe hukurudi tena. Amekufa akiamini hivyo, na ukoo mzima unaamini hivyo mpaka leo.

Jumapili nitawakalisha wote karakanani niwaambie, wapende wasipende. Atakayeona haya na atoke nje. Ningependa uwepo, ila hata usipokuja nitasema.

Wewe uliushikilia mpaka mwisho.

Ni mimi kaka yako, niliyeuachia.