Udongo kwenye Majembe

Jumanne, 12 Januari 1971
Mwanangu Mageni kafungua tena kopo la sukari. Nililifunga kamba, nikaliweka juu ya kabati — akapanda kiti. Mdogo wake hata kijiko hajui kushika. Tumbo moja, hila mbalimbali.

Pamba yangu inanyauka. Na hii ndiyo mbegu mpya, tuliyoambiwa haishikwi na mnyauko. Mume wangu Jilala anasema labda imechoka kama mke wake. Nimemwambia basi usiku abembeleze mtoto yeye, mimi nikapumzike na pamba.

Alhamisi, 14 Januari
Bwana shamba Theonest kaja kwa baiskeli toka Didia. Kapasua shina: ndani mistari ya kahawia. Mnyauko wenyewe. Si mlisema mbegu ina kinga? Akajikuna shingo. Eti ugonjwa nao unazaa, na katika uzao mwingi huzaliwa mmoja tofauti kidogo. Wenzake mbegu imewagomea, wamekufa njaa. Yeye kapata pa kuingilia, kala peke yake, kazaa walio kama yeye.

Nikasema huyo ni Mageni. Hakuelewa mpaka nilipomwonyesha kopo.

Kama ni huyo mpya, hana hakika hadi shina lipimwe kituo cha utafiti. Ila ugonjwa unakaa udongoni, na udongo husafiri na majembe. Hapo nikaacha kucheka. Jumatatu kundi zima la kulima lilipalilia kwangu, mama mkwe akiwemo. Jumamosi ni zamu ya shamba lake. Mjane yule, pamba ndiyo kila kitu chake.

Ijumaa, 15 Januari
Nikamwambia Jilala amweleze mama yake majembe yaoshwe kwanza. Mwambie wewe, kesho mimi nina safari ya Maganzo. Safari gani? Ataijua akifika. Mwanamume anafukuza fisi kwa fimbo, halafu anamkimbia mama yake.

Jioni nikaenda mwenyewe kwa mama mkwe. Shikamoo, mayu. Marahaba. Nikaeleza yote. Akaendelea kuchambua mboga.

“Mkamwana, watu waje kunisaidia, niwapokee kwa ndoo kama wana upele? Watasema nadhani wameniletea uchawi.” Halafu: “Mjukuu wangu umemwogesha leo? Anza na huyo.”

Nikamwogesha. Alikuwa mchafu kweli.

Jumamosi, 16 Januari
Asubuhi. Nimekaa njiani, mpakani mwa shamba lake. Ndoo mbili za maji, magunzi ya kusugulia, mtoto mgongoni. Jembe langu nimeliosha la kwanza, nimelilaza hapa walione. Wakiniita mkamwana jeuri, sawa. Nyuma yangu pamba yake imesimama kijani, haina habari.

Ngoma ya kundi inasikika. Wanakuja. Mama mkwe mbele, jembe begani, udongo wa kwangu bado umeligandia.

Kaziona ndoo. Kamwinulia mkono mpiga ngoma — kimya. Wote wamesimama. Anakuja peke yake.

Jembe kalishusha begani. Sijui ni la kuoshwa au la kunifukuzia. Amefika, naweka kalamu.