Mkwe Hapakiwi

Jumatatu, 5 Mei
Mvua tangu alfajiri. Kiangazi stejini hapa Majoreni hapatoshi, kila kijana na pikipiki yake, na kila mwaka wanaongezeka. Tunagombania abiria kama kunguru. Masika ikishika, wote mbio Ukunda, kwenye lami! Tumebaki mimi na mwenzangu Tsuma. Mgongo unauma. Wallahi nimechoka na tope hili.

Jumanne, 6 Mei
Kidonda cha mguu wa mama mkwe kimevimba zaidi. Sukari ile. Hospitali wamesema Alhamisi asikose, akikosa huenda wakaukata mguu. Matatu hazifiki huku tena. Nikajitolea kumpeleka.

Mwanaima, mke wangu, akanitazama kana kwamba nimetukana. Mama mwenyewe akajibu kutoka chumbani: kumshika kiuno mume wa mwanawe? Afadhali afe. Atapanda ya Tsuma. Tsuma ni mtu baki, hamwonei haya! Basi, sawa.

Jumatano, 7 Mei
Tsuma kaenda Ukunda. Hata kuaga hakuaga.

Mwanaima kaja na shauri: mshikaki. Yeye akae katikati, mama nyuma. Watu watatu kwenye utelezi huu! Nikakataa. Akalia. Nimekubali.

Alhamisi, 8 Mei
Tumeanguka mara mbili kabla ya kufika mtoni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila bandeji ya mama imejaa tope. Sasa maji yamepita juu ya barabara. Naandika chini ya bati la kibanda, tukingoja yapungue.

Ng'ambo ni kilima, utelezi mtupu hadi lami. Watatu hatupandi. Nimewaambia Mwanaima abaki, nimpakie mama peke yake. Mama kajifunika uso. Mimi pia naona haya — lakini naogopa zaidi ule mguu.

Mama kamwita Mwanaima, wakanong'ona. Mwanaima akaja kwangu, akavua leso yake ya juu, akanizungushia kiunoni. Akakaza mpaka nikakohoa. Kumbe mama atashika leso, si mimi!

Maji bado yako magotini. Mama kasimama, kaegemea nguzo. Anauliza kama fundo ni imara. Aliyefungwa ni mimi, lakini anamuuliza Mwanaima.